Mweka Hazina Asiyekuwapo

Tarehe 14 Mei 1960, huko Kiambu, wajumbe waliokutana kuunda KANU walimchagua Ronald Gideon Ngala kuwa mweka hazina wa chama. Daniel arap Moi wakamfanya naibu wake. Wote wawili hawakuwapo mkutanoni. James Gichuru alipewa urais wa chama, akishikilia kiti cha Jomo Kenyatta aliyekuwa bado kizuizini. Oginga Odinga akawa makamu na Tom Mboya katibu mkuu. Ngala na Moi waliporudi na kupewa habari ya vyeo vyao, walivikataa.

Vitabu vingi vya historia ya Kenya hupita hapo kwa sentensi moja na kukimbilia Ngong, ambako wiki sita baadaye chama cha KADU kilizaliwa. Mimi sijawahi kuweza kupita hapo haraka. Maisha yangu ya kazi yote nimeweka hazina: kwanza katika chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, kisha katika vikundi vya akina mama hapa Malindi. Mtu akiniambia kwamba nimechaguliwa mweka hazina nikiwa sipo, swali langu la kwanza ni nani atakuwa anatia sahihi hundi. Swali la pili ni nani aliyezileta hizo pesa ninazotakiwa kuzilinda. Naamini Ngala, mwalimu wa shule aliyezoea kuhesabu karo na chaki, alijiuliza maswali hayo hayo, na kukataa kwake kwaeleweka vizuri zaidi ukiyaanza mambo kutoka kwenye mfuko wa pesa kuliko kutoka kwenye jukwaa.

Ngala alizaliwa Vishakani, upande wa Kaloleni, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alisoma Alliance, akachukua diploma ya ualimu Makerere, akafundisha Kaloleni, akaongoza shule Mbale katika Taita na baadaye Buxton pale Mombasa. Mwaka 1949 alichapisha kitabu kidogo cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Machi 1957 alikuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuingia Baraza la Kutunga Sheria, pamoja na Mboya, Odinga, Moi na Masinde Muliro. Januari 1960, mkutano wa kwanza wa Lancaster House ulipofunguliwa London, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa ujumbe wa Waafrika wote na Mboya akawa katibu wake. Hesabu miezi. Januari anaongoza ujumbe wa nchi nzima, Mei anawekewa cheo cha nne katika chama ambacho viti vyake vya juu vimekwisha kugawanywa.

Lakini haikuwa hasira ya cheo peke yake, na wanaosema hivyo humdhulumu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepiga marufuku vyama vya nchi nzima wakati wa hali ya hatari iliyoanza 1952, na kuanzia 1955 ikaruhusu vyama vya wilaya tu. Kwa hiyo siasa ilijifunza kutembea katika mipaka ya wilaya na kabila, na marufuku ilipoondolewa mwaka 1960 kila mtu alikuja na kikundi chake cha nyumbani. Ngala alikuwa na Coast African Political Union. Wakalenjin walikuwa na umoja wao, Wamaasai wao, Muliro alikuwa na Kenya African People's Party. Vikundi hivyo, pamoja na chama cha Wasomali, vikatazama orodha ya viongozi wa KANU na kuona Kiambu na Nyanza.

Huku kwetu hofu ilikuwa na sura ya shamba. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi ndani ya ukanda wa pwani wa maili kumi ajitokeze na kudai hati. Waliojitokeza walikuwa wale waliojua njia ya ofisi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Mgiriama aliyelima nyuma ya Takaungu, Kilifi au Malindi akajikuta skwota juu ya makaburi ya babu zake. Mwaka 1914, Mekatilili wa Menza akiwa amekwisha kuwaapisha watu wasimfanyie Mzungu kazi, askari waliibomoa Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, na kuwafukuza watu kutoka kaskazini ya mto Sabaki. Watu waliokuwa na kumbukumbu hiyo waliposikia mwaka 1960 kwamba Waingereza wataondoka, swali lao lilikuwa la kweli kabisa: watakaokuja baada yao watakuja na hati za nani?

Basi tarehe 25 Juni 1960, Ngong, Kenya African Democratic Union, KADU, ikaundwa. Ngala akawa rais wa chama, Muliro makamu wake, Moi mwenyekiti, Martin Shikuku katibu mkuu. Mweka hazina akawa Justus ole Tipis wa Narok. Na kwa misimamo yao kilikuwa chama cha katikati: hawakutaka Kenya ya masetla iliyokuwapo, wala hawakutaka Kenya ya amri moja kutoka Nairobi waliyoiona inakuja. Walidai uhuru, walidai Kenyatta aachiliwe, na walidai madaraka yagawanywe kwa majimbo. Leo ukisema mambo hayo matatu pamoja hakuna atakayeshtuka. Wakati ule waliitwa vibaraka.

Sasa pesa.

Marehemu baba alikuwa karani wa mzani katika duka la mnunuzi wa mbata pale Kaloleni. Kazi yake ilikuwa kupima, kuandika na kulipa. Kwa kuwa alikuwa na kalamu, na kwa kuwa kila mkulima alipita mbele yake, watu wa chama walimwomba akusanye mchango. Daftari lake la mchango nimeliona na kulishika, la mistari, jalada la kahawia, na nilipokuwa mwanafunzi wa hesabu nililisoma kama wengine wanavyosoma riwaya. Upande wa kushoto majina, katikati shilingi, kulia senti. Safu ya senti ndiyo iliyojaa. Asiyekuwa na senti ameandikiwa alichotoa: nazi kumi, nazi sita, kibaba cha mahindi, kuku mmoja. Baba alikuwa amezipigia nazi bei ya siku ile kwa penseli pembeni na kuzijumlisha, kisha akafuta jumla hiyo na kuandika upya, kwa sababu bei ya mbata ilishuka kabla nazi hazijauzwa. Kwenye kurasa za matumizi kitu kimoja kinajirudia kuliko vyote: petroli.

"Mwanangu," aliniambia, "chama cha maskini hakikosi watu. Hukosa mafuta ya gari."

Fikirieni jiografia ya KADU. Kaloleni, Narok, Kabarnet, Kitale, Bungoma. Ni ramani ya pembezoni, na kutoka pembe moja hadi nyingine lazima ukatishe nchi nzima, na katikati yake ndiko wapinzani wako wanakoishi. KANU ingeweza kufanya mkutano Nairobi watu wakaja kwa miguu. Viongozi wa KADU kukutana tu ilikuwa gharama, kabla hata hawajasimama mbele ya mpiga kura. Nazi kumi za mjane wa Kaloleni haziwezi kubeba ramani hiyo.

Pengo hilo lilizibwa na Wazungu. Michael Blundell na wenzake wa New Kenya Party walikuwa masetla waliokwisha kukubali kwamba utawala wa Waafrika unakuja, na waliotaka uje kwa mikono waliyoiona kuwa ya upole. Walikuwa na pesa, walikuwa na mawakili, walikuwa na magari, na walikuwa na woga mkubwa wa KANU. KADU ilipokea msaada wao wa fedha na wa ushauri. Jambo hili halina haja ya kufichwa, na kwa miaka sitini limetumiwa kuwanyamazisha watu wa Pwani kila wanapotaja jimbo: chenu kile kilikuwa chama cha masetla.

Mimi nasema tufungue vitabu vyote vya hesabu siyo kimoja. Mboya alikuwa na marafiki katika vyama vya wafanyakazi vya Marekani, na misaada yao ilijenga nguvu zake Nairobi. Ndege za wanafunzi alizoanza kuzipeleka Marekani mwaka 1959 zilimpa jina katika kila kijiji kilichomwaga machozi uwanjani Embakasi. Odinga alipata misaada kutoka nchi za Kikomunisti, na wanafunzi wake walikwenda Moscow na Prague. Hakuna chama cha mwaka 1960 kilichosimama kwa senti za wanachama wake. Ukiwauliza wote watatu nani anatia sahihi hundi, wote watatu watatazama nje ya dirisha.

Tofauti ilikuwa mahali pengine, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu sijaona wengi wakikaa hapo. Mfadhili wa Mboya na mfadhili wa Odinga walikuwa wakishindana wao kwa wao kwa vita baridi vya dunia, na ushindani huo ulikuwa bado na miongo mbele yake. KANU ilikuwa na visima viwili, na kila kimoja kiliogopa kukauka kabla ya mwenziwe. Mfadhili wa KADU alikuwa mtu anayefunga masanduku. Setla alitoa pesa kwa sababu aliogopa kunyang'anywa shamba. Siku atakayopata hakikisho kwamba shamba lake litanunuliwa, au kwamba Kenyatta atamwacha alime, hatamhitaji tena Ngala.

Februari 1961 uchaguzi ulipigwa. KANU ilipata kura karibu 67 kwa kila mia, KADU karibu 16. Kwa viti ikawa 19 kwa 11, maana katiba ya muda iliwapa watu wa sehemu zenye wakazi wachache uzito zaidi. KANU ikakataa kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe. Ndipo Aprili Ngala akakubali kuingia serikalini kwa msaada wa Blundell na wabunge wa Kihindi, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Mwalimu wa Vishakani akawa Mwafrika mwenye cheo cha juu kuliko wote katika serikali ya koloni ya Kenya, akiwa na kura moja kwa kila nne za wapinzani wake. Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huo huo, chini ya serikali hiyo ambayo Ngala alikuwamo. Hilo husahauliwa sana.

Hapa Malindi mjini mambo yalikuwa na kona nyingine. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa bado ni mali ya Sultani wa Zanzibar kwa sheria, umekodishwa kwa Waingereza tangu 1895, na bendera nyekundu ilikuwa ingali ikipepea. Waarabu na Waswahili wengi wa miji ya pwani walitaka Mwambao, yaani ukanda huo, ujitawale au urudi Zanzibar. Wagiriama wa nyuma ya mji, ambao mababu zao walikuwa maskwota wa baadhi ya wenye hati za 1908, hawakutaka hata kusikia. KADU ililazimika kutafuta kura kwa hawa na kwa wale. Jibu la Ngala lilikuwa jimbo: Pwani yote, bara na mwambao, ndani ya Kenya, yenye bunge lake na mamlaka juu ya ardhi yake. Sir James Robertson alitumwa mwaka 1961 kuchunguza suala hilo, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Sheikh Abdillahi Nassir na wenzake wa upande wa Mwambao walikwenda London kuitetea hoja yao, na walitetea kwa ufasaha. Tarehe 8 Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakatia sahihi makubaliano ya ukanda kuwa sehemu ya Kenya, pamoja na ahadi kuhusu makadhi na hati za ardhi. Hati zile zile za 1908 zikapewa ulinzi. Skwota hakuwa na mtu mezani.

Kwa upande wa wenye mali, mvutano huo wa Mwambao unaeleza mengi kuhusu mfuko wa KADU hapa kwetu. Watu wa Malindi na Mombasa ambao wangeweza kukifadhili chama cha Pwani, wenye mashamba ya minazi na maduka, wengi walikuwa wakiweka matumaini yao kwa Mwambao. Waliobaki kumchangia Ngala walikuwa wa upande wa mzani wa baba. Pwani haikukosa pesa mwaka 1961, ila pesa na kura vilikaa katika nyumba mbili zisizoaminiana.

Februari hadi Aprili 1962, Lancaster House tena. KADU ilikwenda na mshauri wa katiba kutoka Uswisi, Eduard Zellweger, na ikarudi na majimbo: mikoa yenye mabunge yake, Nairobi ikiwa peke yake, na baraza la pili la taifa la kuilinda mikoa hiyo. Kwa chama chenye robo ya kura za mpinzani wake, ulikuwa ushindi mkubwa wa meza. Lakini mwaka huo huo wa 1962 mpango wa ekari milioni ulianza, pesa za Uingereza zikinunua mashamba ya masetla katika nyanda za juu ili wapewe Waafrika. Setla akaanza kulipwa. Na tarehe 12 Agosti 1963 Kenyatta, aliyekwisha kuwa Waziri Mkuu, alisimama mbele ya masetla Nakuru akawaambia wakae, walime, kila mtu amsamehe mwenziwe. Walimpigia makofi. Sioni siku nyingine iliyoihukumu KADU zaidi ya ile, ingawa hakuna aliyeitaja KADU siku hiyo. Woga uliokuwa unalipa petroli ulikuwa umetibiwa.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Mei 1963, KANU ilikuwa imeshinda uchaguzi mkuu kwa viti 83 vya baraza la wawakilishi, na KADU haikufika hata nusu ya hivyo. Lakini ilichukua mabunge ya mikoa mitatu: Bonde la Ufa, Magharibi na Pwani. Ngala akawa Rais wa Bunge la Mkoa wa Pwani. Kwa mara ya kwanza chama kilikuwa na nyumba yake yenye bajeti, wafanyakazi na kazi ya kuonyesha watu.

Bajeti hiyo ilitoka Nairobi. Katiba iliandika mikoa ipewe kodi na ruzuku, lakini mkono wa kuzitoa ulikuwa wa serikali kuu, na serikali kuu ilikuwa ya KANU. Kazi zilizotakiwa kuhamishiwa mikoani zikacheleweshwa, pesa zikabanwa. Nimefanya kazi na vyama vya ushirika vya kutosha kujua jinsi kitu kinavyouawa hivyo. Hakuna anayekipiga marufuku. Kila mwezi kuna barua ya heshima inayosema fedha bado hazijatolewa, na kila mwezi watu wawili watatu wanaacha kuja kwenye mkutano. Wabunge wa KADU walianza kuhama mmoja mmoja, kwa sababu mbunge wa serikali aliweza kuomba barabara na mbunge wa upinzani aliweza kutoa hotuba. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imejivunja na wote wanajiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakaanza kufutwa.

Baba hakumlaumu. Alisema Mwalimu alifunga duka kabla halijafungwa na wadai, na kwamba alifanya hivyo ili Pwani isibaki nje mlangoni. Mimi naona alichelewa kwa jambo moja. Katika miaka minne ya maisha ya KADU, madaftari kama la baba hayakuwahi kukusanywa mahali pamoja yakawa mfumo. Mchango wa wanachama ulikuwa wa msimu, wa kampeni, wa kumpokea mgeni. Pesa kubwa ilipokuwapo, ndogo ilidharauliwa, na kubwa ilipoondoka, ndogo ilikuwa imekwisha kuzoea kutohitajika. Chama cha ushirika kinachotegemea mkopo badala ya hisa za wanachama huenda hivyo hivyo. Na historia ina njia zake: mwaka 1966 Ngala alifanywa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii. Alifariki tarehe 25 Desemba 1972, baada ya ajali ya gari kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Moi, aliyekataa pamoja naye kuwa naibu mweka hazina wa KANU, akaja kuiongoza KANU hiyo hiyo na nchi kwa miaka 24.

Jaribio lililofuata la chama cha Pwani nitalipita upesi. Chama cha Shirikisho, 1997, kilidai tena mambo ya jimbo, kikapata kiti kimoja, cha Likoni, kupitia Suleiman Shakombo. Mwaka ule Likoni ilikuwa imetoka kwenye damu ya machafuko ya Agosti, na hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kuuliza habari za ada ya uanachama.

Jaribio la karibu zaidi limetoka hapa kwetu Kilifi. Amason Kingi, aliyekuwa mbunge wa Magarini, waziri, kisha gavana wa Kilifi kwa vipindi viwili kwa tiketi ya ODM, aligombana na chama chake mwaka 2021 akisema Pwani imechoka kuwa kapu la kura za wengine. Aliondolewa uenyekiti wa ODM katika kaunti. Kuelekea uchaguzi wa 2022 akajitokeza na Pamoja African Alliance, PAA. Maneno ya mikutano yake, ukiyavua nguo za sasa, yalikuwa ya Ngong: tuwe na chetu, tuketi mezani tukiwa na kiti chetu.

Lakini sheria aliyokutana nayo Ngala na ile aliyokutana nayo Kingi ni vitu viwili. Katiba ya 2010 inakataza chama cha eneo au kabila. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua elfu moja katika kila kaunti kwa zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo utafute 24. Pwani nzima, kutoka Kwale hadi Lamu, na Taita Taveta na Tana River ndani, ina kaunti sita. Maana yake mtu anayetaka kuanzisha chama cha Pwani anaanza kwa kutumia pesa katika kaunti kumi na nane ambazo hazimo katika ndoto yake: ofisi, makarani, fomu, nauli. Ramani ya KADU imerudi, safari hii kwa amri ya sheria.

Na pesa hizo zitoke wapi? Sheria imefunga mlango wa mfadhili wa nje, kwa hiyo Blundell wa leo wala Moscow ya leo hawaruhusiwi. Raia mmoja haruhusiwi kutoa kwa mwaka zaidi ya asilimia 5 ya matumizi ya chama. Ila mwanzilishi ameachiwa nafasi: katika mwaka wa kwanza wa uhai wa chama, anachotoa kuwa mali ya kuanzia hakiwekewi kikomo hicho. Naielewa sababu yake, maana kitu lazima kianze. Lakini tazameni matokeo. Sheria yenyewe inakubali kwamba chama kipya kitakuwa cha mwenye uwezo wa kukianzisha, na kwamba katika mwaka ule wa kwanza, mwaka wa kuamua nani atakuwa nani, hundi itatiwa sahihi na mtu mmoja au wawili. Wanachama wanakuja baadaye.

Kuna pia Mfuko wa Vyama vya Kisiasa, ambao sheria inataka upate angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Nalipenda wazo hilo. Ni pesa ya umma badala ya pesa ya woga. Lakini sehemu kubwa hugawanywa kwa kura za uchaguzi uliopita. Baada ya 2013 walionufaika walikuwa vyama vya TNA, ODM na URP tu, na baada ya 2017 Jubilee na ODM. Marekebisho ya 2022 yalilegeza mlango vyama vidogo vikaingia, lakini chama kinachozaliwa hakina kura za jana, na kampeni ya kwanza lazima kiende bila mfuko huo.

Mwaka 2022 nilikwenda kusikiliza mkutano mmoja wa kampeni hapa Malindi, nikasimama nyuma pamoja na akina mama wa kikundi chetu. Hakukuwa na daftari. Hakukuwa na meza ya kuandikisha mwanachama wala kisanduku cha mchango. Kulikuwa na leso, fulana, na foleni ya bodaboda kwenye kituo cha mafuta. Mama mmoja, jirani yangu, alivaa leso mbili za vyama viwili siku hiyo hiyo. Nilimuuliza atakipigia kipi. Akasema, "Dadangu, wao ndio wanatoa, sisi tunapokea. Siku nikitoa mimi nitakuwa na changu." Baba angemwandikia jina kwenye daftari hapo hapo, hata kama ni nazi sita.

PAA iliingia muungano wa Azimio, kisha Mei 2022 ikahamia ule wa Kenya Kwanza. Agosti ikapata viti vitatu vya bunge la taifa: Ganze, Rabai, na Kinango kule Kwale. Ugavana wa Kilifi iliukosa. Ulikwenda kwa Gideon Mung'aro wa ODM, chama kile kile kilichoachwa. Tarehe 8 Septemba 2022 Kingi akachaguliwa Spika wa Seneti. Wako wanaosema lengo lilitimia, maana mtu wa Pwani amepata kiti kikubwa kwa sababu alikuwa na chama mkononi. Siwabezi. Ngala naye alifika serikalini mwaka 1961 kwa njia hiyo hiyo, na viti vilivyomwinua vilikuwa kumi na moja. Ninachouliza ni kile nilichouliza kuhusu Kiambu: chama kikikosa kesho mtu wake mkubwa, je, kuna kaunta yoyote Kaloleni, Ganze au Marafa ambako mkulima anaweza kwenda na shilingi zake hamsini akaandikwa?

Sheria hiyo hiyo ya 2011 inakitaka kila chama kichapishe magazetini pesa zake zimetoka wapi, na hesabu zake zikaguliwe na Mkaguzi Mkuu. Wengi hapa Kilifi hawanunui magazeti hayo. Ningependa kila chama kinachotaka kura zetu mwaka 2027 kichukue ukurasa ule, kikibandike kwenye mlango wa ofisi yake ya wadi, na mweka hazina wa wadi, aliyechaguliwa akiwa yupo, akae mezani Jumamosi moja kujibu maswali. Mimi nitakwenda na miwani yangu, na nitaanza na safu ya senti.